CHURA MWENYE MISTARI MIWILI, ADUI WA MCHWA

Mvua za kwanza zinaponyesha Singida, mwezi wa Novemba au Desemba, sikiliza usiku penye madimbwi. Miongoni mwa sauti za vyura imo moja nyembamba na ndefu kama ya filimbi. Ni ya chura mdogo mweusi, wa urefu wa sentimeta 5 au 6, mwenye mistari miwili myekundu au ya rangi ya machungwa mgongoni. Wataalamu humwita Phrynomantis bifasciatus. Mkulima, yafaa umfahamu, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni sisimizi na mchwa, na mchwa ndio wanaoangusha mahindi yako na kutoboa maganda ya karanga zako.

Mahali anapoishi

Chura huyu ni wa nchi za nyasi na miti ya miiba, zenye kiangazi kirefu. Ameenea kutoka kusini mwa Somalia, kupitia Kenya na Tanzania, mpaka Afrika Kusini, na kwa upande wa magharibi mpaka Angola na Namibia. Wakati wa kiangazi humwoni. Hujificha ndani ya vichuguu, katika mashimo na chini ya magogo, kwenye ubaridi na unyevu. Harukiruki kama vyura wengine, bali hutembea na kukimbia.

Mahali anapozaa

Huzaa katika maji ya mvua yanayotuama mbugani, katika madimbwi na malambo. Jike hutaga mamia ya mayai, nayo hushikamana na majani yaliyomo majini. Maji ya chumvi, kama ya Ziwa Singida na Ziwa Kindai, hayamfai. Basi lile dimbwi dogo lililo kando ya shamba lako lina thamani kwake. Ukimwaga dawa humo, unaua wazao wote wa mwaka ule.

Jihadhari

Ngozi yake ina sumu. Akishikwa hutoa utomvu unaowasha, na ukiingia penye mchubuko waweza kumletea mtu kichefuchefu na shida ya kupumua. Hata vyura wengine wakiwekwa naye katika chombo kimoja hufa.

Mambo ya kufanya

1. Usimwue, wala usimshike kwa mkono mtupu. Waonye watoto. Aliyemgusa anawe kwa sabuni.

2. Usioshe bomba la dawa dimbwini, wala usimwage humo mabaki ya dawa.

3. Acha majani yaote kandokando ya dimbwi. Kichuguu cha zamani kisicho na mchwa, kilicho mpakani mwa shamba, kiache kiwe maficho yake.

4. Usimwachie chura kazi yote. Ng'oa karanga mara zikomaapo, na mahindi yaliyoanguka yaokote upesi. Mchwa wakizidi, mwite Bwana Shamba.

Chura hadai mshahara. Mpe maji safi na mahali pa kujificha, naye atakula mchwa wako msimu hata msimu.