Boma Limesimama, Zahanati Haijafunguliwa

Watanzania tulio nje tunapochangia maendeleo ya vijijini kwetu, swali linalojirudia ni hili: wananchi wamejenga boma la zahanati hadi usawa wa lenta, halmashauri iliahidi kuezeka na kumalizia, mpango mkakati wa miaka mitano umelitaja kwa jina, mbona nyasi zinaota ndani? Tunalojibiwa upesi ni kwamba fedha hazijashuka kutoka Dodoma, na mara nyingine ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya jengo la halmashauri yenyewe.

Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa mikoa na wilaya chini ya sera ya Madaraka Mikoani. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 ndizo zilizozifufua, zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kuwa kuzifuta lilikuwa kosa. Ila kilichorudi kilikuwa na vichwa viwili: baraza la madiwani waliochaguliwa, na mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais. Diwani anawaogopa wapiga kura wa kata yake, mkurugenzi anamtazama aliyemteua. Mpango mkakati unapitishwa na mmoja na kutekelezwa na mwingine.

Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, na hukai naye muda mrefu. Agosti 2021 Rais Samia alitangaza orodha mpya ya wakurugenzi wa halmashauri nchi nzima; wapo waliobaki, wapo waliohamishwa, wapo walioachwa. Anayeingia anakuta mpango ulioandikwa na watu wengine, naye ana vipaumbele vyake na maelekezo mapya aliyopewa siku ya kuapa. Chini yake kuna wakuu wa idara wanaokaimu, na kaimu, kwa hali yake, haharakishi kusaini jambo zito, hasa likihusu manunuzi.

Mimi lakini simlaumu mkurugenzi kwanza. Nenda kwenye kikao cha bajeti cha madiwani. Chukulia halmashauri ina kata 20 na shilingi milioni 200 za maendeleo. Mpango unasema maboma matatu yakamilishwe mwaka huu. Sasa diwani gani kati ya wale 17 waliobaki atarudi kwa wananchi wake mikono mitupu? Wanagawana. Kila kata inapata milioni 10, kiasi cha kununua mabati kidogo hapa na saruji kidogo kule, na hakuna boma hata moja linaloisha. Hakuna mwizi katika hesabu hiyo, kila mtu ametenda haki, na mwakani wanagawana tena. Kwa maoni yangu mipango mingi hufia hapa kuliko mahali pengine popote, na ripoti ya ukaguzi haiwezi kukuonyesha kosa, maana kila shilingi ina risiti.

Mapato ya ndani nayo yana mambo yake. Kuna ushuru wa mazao, kuna ushuru wa huduma, halafu kuna minada na stendi. Miongozo ya bajeti imezitaka halmashauri zipeleke asilimia 40 ya mapato hayo kwenye maendeleo, na zenye makusanyo makubwa asilimia 60. Lakini posho za vikao na mafuta ya magari hudai kila mwezi, boma halidai. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) mwaka hadi mwaka zinataja fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS zisifike benki. Mkaguzi wa ndani anayepaswa kuliona hilo mapema ni mtumishi wa mkurugenzi yuleyule anayemkagua.

Ukitaka ushahidi kwamba tatizo si uhaba wa fedha pekee, tazama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo halmashauri hukopesha vikundi. Tangu 2018 sheria ilikuwa wazi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu lilijulikana, walengwa walijulikana. Bado vikundi hewa vilipata, marejesho yalikwama, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji hadi mwaka uliofuata. Afisa maendeleo ya jamii anayesimamia vikundi vilivyotawanyika kata nzima bila hata pikipiki hawezi kufuatilia mkopo, hata sheria iwe nzuri vipi.

Kwa hiyo kabla hatujatuma fedha za mabati, tusiulize kama mradi umo kwenye mpango mkakati. Umo, miradi yote imo. Mtendaji wa kijiji amuulize afisa mipango wa wilaya: mradi huu una kasma, yaani fungu lake, kwenye bajeti ya mwaka huu, na ni kiasi gani? Amuulize mganga mkuu wa wilaya kama ameombea zahanati hiyo watumishi. Boma lisilo na kasma litasubiri angalau hadi Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza, na orodha ya Julai hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Huo ndio wakati wa kumpigia diwani simu.