Nimeacha chaki nikiwa na miaka 44: daftari lililolowa lilivyonifanya mwandishi wa programu Rumonge

NIKIKUAMBIA, msomaji, kwamba nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa sababu ya daftari lililolowa maji, unaweza kudhani natania. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba nyingi za mwambao, hapa kwetu Rumonge na hata kule Gatumba karibu na Bujumbura. Mama mmoja jirani yangu, mfanyabiashara anayepeleka ndagala kavu Kigoma na kurudi na vitenge, sabuni na ndoo za plastiki, aliokoa watoto na mzigo. Daftari la madeni lilibaki chini ya godoro. Alipolipata siku ya pili, wino ulikuwa umesambaa kurasa zote.

Alikuja kwangu asubuhi akiwa amelikunja ndani ya khanga. "Mwalimu, wewe umezoea kusoma miandiko mibaya ya watoto, hebu nisomee na huu." Nililianika juani, nikasoma kwa taabu majina 19. Yeye alikumbuka kuwa wadaiwa walikuwa zaidi ya sitini. Waungwana walilipa. Wengine walimuuliza andiko liko wapi.

Mimi nilikuwa na kompyuta ya mkononi ya mtumba, niliyoinunua kwa ajili ya kuchapa mitihani. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, ikawa haiwaki bila kuchomekwa. Usiku ule nilijiuliza swali moja tu: hivi chombo hiki hakiwezi kumtunzia mama huyu madeni yake?

Nilikuwa na umri wa miaka 41.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu waliorudi kama mimi, kwa hiyo hapa sitasema mengi. Nilizaliwa Katumba, Mpanda, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mwaka 2009 tuliporudi nilikuta vyeti vyangu havisomeki kwa watu wa hapa, na ofisi moja ilinizungusha karibu miaka miwili kabla ya kuvikubali. Nikiwa na miaka 29 nilianza kujifunza Kifaransa katika vitabu vya watoto, tena nikiazima vitabu hivyo kwa wanafunzi wangu mwenyewe. Walicheka, nami nilicheka nao. Sisi tuliorudi tumezoea kuanza darasa la kwanza tukiwa na ndevu.

Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba mambo ya kompyuta ni ya vijana, huwa namtazama tu. Grace Hopper, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo kabisa wa programu, alikuwa mwalimu wa hisabati. Alijiunga na jeshi la akiba la wanamaji Desemba 1943 akiwa na miaka 37, na ni mwaka uliofuata ndipo alipokutana na kompyuta yake ya kwanza, Mark I, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mama wa Kijapani Masako Wakamiya, mstaafu wa benki, alitoa mchezo wake wa simu mwaka 2017 akiwa na miaka zaidi ya 80. Quincy Larson, aliyeanzisha freeCodeCamp mwaka 2014, mahali pa kujifunzia kazi hii bila malipo kwenye intaneti, naye alitoka katika kazi ya shule na kujifunza mwenyewe akiwa mtu mzima.

Lakini hawa hawakuwa na tatizo la umeme.

Nilinunua paneli ndogo ya sola na betri ya gari iliyokwisha tumika. Kila nilipopata safari ya Bujumbura, umbali upatao kilomita 70, nilikwenda na flashi nikapakua masomo na vitabu, kisha nikarudi kusoma nyumbani bila intaneti. Vifurushi vya simu vilikuwa ghali kwa mshahara wangu, hivyo nilivitunza kwa maswali yaliyonishinda kabisa. Niliamka saa kumi alfajiri, wakati taa za wavuvi bado zinaonekana ziwani, nikasoma hadi saa kumi na mbili, kisha nikajiandaa kwenda ekofo.

Niichague lugha gani? Nilichagua Python, iliyotolewa kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Maneno yake maalumu ni 35 tu. Nikajiambia kwamba mtu aliyekariri vitenzi vya Kifaransa uzeeni hawezi kushindwa na maneno 35. Isitoshe maneno yenyewe ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha Katumba, ambacho kwa miaka kadhaa hapa hakikunipatia hata chai, kikaanza kunilipa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona kazi hii, programu ni kama barua ya maagizo unayompa kijana anayepanda boti kwenda Kibirizi. Tofauti ni kwamba kijana huyu hana akili hata chembe, ila ana utii wa ajabu. Ukimwandikia "nunua ndoo kumi" atanunua kumi hata kama zimetoboka. Ukitaka azikague, lazima uandike. Ukitaka ajue la kufanya akikuta zimetoboka, andika na hilo pia. Na ukikosea nukta moja, anakaa bandarini hasafiri. Mimi niliwahi kupoteza usiku wa pili mfululizo kwa sababu ya nafasi tupu mwanzoni mwa mstari, maana lugha ile hupima hata nafasi. Mke wangu alinikuta nikiitukana kompyuta kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa.

Miezi tisa baadaye nilikuwa na programu inayofanya kazi. Iliandika nani kakopa nini na lini, ikapunguza deni kila alipolipa, na kila Jumapili ikatoa orodha. Nakala moja ilikaa kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuitundika darini, mbali na ziwa. Baadaye nilitafuta namna ya kuifanya ifunguke kwenye simu ya mama mwenyewe. Alifurahi sana, akaniletea ndoo ya ndagala.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mwalimu akisifiwa huongeza mazoezi. Nikamwongezea sehemu ya kupiga hesabu ya faida: anaingiza bei aliyonunulia Kigoma kwa shilingi, programu inaigeuza kuwa faranga, inatoa na nauli ya boti, inamwambia amepata kiasi gani. Kiwango cha kubadilishia shilingi nilikiandika mwenyewe ndani ya programu, katika mstari mmoja katikati ya mistari mingine mia mbili na kitu. Nikakisahau.

Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Sokoni nako shilingi ikawa inapanda. Wenye kuvuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu wanakumbuka siku zile. Programu yangu haikukumbuka kitu, kwa sababu sikuwa nimeiandikia ikumbuke.

Tuseme ndoo imenunuliwa Kigoma kwa shilingi 5,000. Kama shilingi moja ni faranga moja na nusu, ndoo hiyo imekugharimu faranga 7,500, na ukiiuza 9,000 umepata. Shilingi ikifika faranga mbili, ndoo ya pili itakugharimu 10,000. Ile 9,000 uliyoshika mkononi hairudishi hata ndoo yenyewe, achilia mbali nauli. Lakini kwa wiki tatu simu ya mama yule ilikuwa ikimwandikia kila jioni kwamba amepata faida. Akauza kwa bei ile ile, wateja wakamjalia, akamaliza mzigo haraka kuliko wenzake wote. Alipofika Kigoma na fedha zake ndipo alipogundua kwamba mtaji uliokuwa ukinunua mzigo mzima sasa haununui hata robo tatu yake.

Alirudi, akaniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alisema hivi: "Mwalimu, zamani kila asubuhi nilikuwa nauliza kwa wabadilisha fedha kabla sijatandika bidhaa. Ulipoleta hii nikaacha kuuliza."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma. Daftari lake la zamani halikujua kuhesabu, kwa hiyo yeye mwenyewe alilazimika kujua. Mimi nilimletea kitu kinachohesabu vizuri kabisa jambo lisilo la kweli, naye akakiamini kwa sababu kimetoka kwa mwalimu.

Nilitaka kumlipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Alikataa fedha. Alinitaka nikae naye sokoni wakati wa likizo, nione biashara inavyokwenda. Nilikaa wiki mbili nyuma ya meza ya ndoo. Nikaona kwamba mteja mmoja ana bei tatu kutegemea analipa leo, mwisho wa mwezi, au wakati wa mawese. Nikaona kwamba wadaiwa wawili wenye jina moja hutofautishwa kwa kilima wanachotoka, na programu yangu ilikuwa imewachanganya. Nikaona deni la msiba, ambalo huandikwa lakini halidaiwi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa katika masomo niliyopakua Bujumbura.

Nilipoiandika upya, kiwango cha shilingi hakikukaa tena ndani. Sasa kila asubuhi programu hukataa kufungua hesabu mpaka mwenyewe ameingiza kiwango cha siku hiyo. Kijana mmoja wa Bujumbura mwenye shahada ya kompyuta aliiona akasema ni usumbufu, kiwango kingeweza kuvutwa kutoka kwenye intaneti. Kweli kingeweza. Lakini kiwango kile si kile wanachokipata akina mama wa bandarini, na mimi nilitaka waendelee kuuliza.

Baada ya hapo watu walianza kuja. Duka la dawa lilitaka kujua dawa zipi zinakaribia kuharibika. Kikundi cha akiba na mikopo kilikuwa kimegombana juu ya riba. Mwenye boti alitaka orodha ya abiria na mizigo yao. Mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, baadhi ya wafanyabiashara wa samaki walitumia miezi hiyo kukusanya madeni, na waliokuwa na orodha walinisifu kwa wenzao. Kwa miezi mitano mfululizo mapato ya kazi hii yaliushinda mshahara wangu. Septemba mwaka huo sikurudi darasani.

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Mwezi wa sita baada ya kuacha sikupata hata mteja mmoja, na mke wangu aliuza nguo za mtumba tukala. Kazi za makampuni ya ng'ambo zinazosimuliwa na vijana mimi sijazipata. Niliomba nane, zikajibu mbili, na zote mbili zikataka uzoefu wa timu na malipo kupitia njia ambazo hapa kwetu ni shida kuzipata. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022 ilipotoka ChatGPT kuna mashine zinazoandika programu zenyewe kwa dakika chache kazi iliyonichukua mimi miezi. Nami huitumia kifurushi kinaporuhusu. Inaandika haraka na kwa Kiingereza safi kuliko changu. Niliijaribu ile hesabu ya ndoo: ikaniandikia programu nzuri, na katika mstari wa nne ikaweka kiwango cha shilingi ndani, kama nilivyofanya mimi. Deni la msiba haikuniuliza.

Kwa mwenye miaka arobaini na zaidi anayetaka kujaribu, asiache kazi kwanza. Mimi nilikaa miaka mitatu na vyote viwili. Aanze na shida ya mtu anayemjua, ambaye atamfuata nyumbani ikiharibika. Anayeona Kiingereza ni kigumu ajue kwamba freeCodeCamp imeanza kutafsiri masomo yake kwa Kiswahili, na kwamba jambo hilo si geni: tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Tafsiri hazijakamilika, lakini mlango wa kuingilia upo.

Vijana wanne huja kwangu Jumamosi kujifunza. Mmoja ni binti wa yule mama, na anaandika haraka kuliko mimi. Wiki ya kwanza sikumgusisha kompyuta. Nilimtuma kwa mama yake na daftari, akaandike kila kitu mama anachouliza kabla ya kutaja bei. Alirudi na kurasa sita, amenuna.

Juzi saa moja asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa mama, sauti ya boti ikisikika nyuma yake.

"Mwalimu, shilingi leo imepanda tena. Nimeshaandika mwenyewe."

"Umeuliza kwa wangapi?"

"Watatu," akasema, akakata simu, maana mzigo ulikuwa unashushwa.