Bango la Albamu Mjini Goma: Picha, Maneno na Ukuta

Karatasi kubwa inayobandikwa ukutani ili kutangaza jambo huitwa bango katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mjini Goma, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, wengi huiita afishi, neno lililoingia kutoka Kifaransa na kupata irabu za Kiswahili bila taabu. Katika makala haya tutatumia neno bango, ingawa msomaji wa Goma ana haki ya kusoma afishi kila mara tuandikapo hivyo. Kusudi letu ni kueleza mambo yanayolifanya bango la kutangazia albamu ya muziki litimize kazi yake.

Tumeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, Goma ni mji wa muziki. Innoss'B, aliyezaliwa huko mwaka 1997, alisikika kote Afrika Mashariki kwa wimbo "Yo Pe" wa mwaka 2019, hasa ulipoimbwa tena pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Na kuanzia mwaka 2014 Tamasha la Amani liliwakusanya wanamuziki na wasikilizaji kwa maelfu katika uwanja wa Chuo cha Mwanga. Pili, mabango ya mji huo yanatuuliza swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulikwepa: ni Kiswahili kipi kiandikwe ukutani?

Kabla ya kufika huko, hatuna budi kulitenga bango na jalada, kwani makosa mengi huanzia hapo. Mwanamuziki chipukizi hulipa fundi wa kompyuta amchoree jalada. Kisha, fedha zikiwa zimekwisha, jalada lilelile hukuzwa, huongezewa tarehe na mahali pembeni, likaitwa bango. Mambo haya mawili hayana tabia moja. Jalada lenye picha, ambalo historia yake kwa kawaida huanziwa na kazi ya msanii Alex Steinweiss katika kampuni ya Columbia ya Marekani mnamo 1940, lilizaliwa kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mtu huligeuza, hulisogeza karibu, huichunguza picha huku akisikiliza wimbo. Ndiyo maana Lemi Ghariokwu, msanii wa Nigeria aliyechora majalada mengi ya Fela Kuti, aliweza kujaza watu, maandishi na vituko vidogo vidogo katika mraba wa sentimita 30 hivi: msikilizaji alikuwa na muda. Mpita njia hana muda huo. Yuko juu ya pikipiki ya abiria, ile inayoitwa moto mjini Goma, au anasukuma chukudu yenye mzigo wa viazi. Ukuta humpitia machoni kwa sekunde mbili au tatu.

Bango la albamu linaloweza kutufunza zaidi lilichorwa na Milton Glaser wa New York mwaka 1966, likakunjwa na kutiwa ndani ya albamu ya nyimbo teule za Bob Dylan iliyotoka mwaka 1967. Uso wa mwimbaji umechorwa kwa upande, mweusi tititi, bila macho. Nywele peke yake ndizo zenye rangi nyingi zinazojipinda. Neno ni moja tu, jina lake. Msanii hakukusanya sifa zote za mwimbaji. Alichagua moja, akaipa nafasi yote. Tukilinganisha na mabango mengi ya Afrika Mashariki, ambamo mwanamuziki huonekana mara tatu katika mavazi matatu, pamoja na wageni wake saba, gari lisilo lake na miale ya moto nyuma yake, tutaona tofauti iliyopo. Hatusemi kwamba wingi ni ubaya daima. Bango la tamasha lenye waimbaji kumi halina budi kuwa na nyuso nyingi, maana kila uso huvuta wapenzi wake. Bango la albamu hutangaza kazi ya mtu mmoja au kundi moja, na wageni wakizidi mwenyeji hupotea.

Ama kuhusu ukuta wenyewe, Goma ina jambo lake la pekee. Tarehe 17 Januari 2002 zaha ya mlima Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji na kuteketeza sehemu yake kubwa. Watu walirudi wakajenga juu ya mwamba ule ule, na kwa mawe yake wakajenga nyua. Mlima ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021, zaha ikafika kwenye ukingo wa mji. Matokeo kwa mbandikaji wa mabango ni haya: ukuta wake mara nyingi ni mweusi na una matundu. Bango lenye usuli mweusi, mtindo unaopendwa mno na wanamuziki wa hip-hop, humezwa na ukuta huo hata likakosa mwisho wala mwanzo. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuacha pambizo nyeupe au ya manjano ya vidole viwili kuzunguka karatasi yote. Pambizo hiyo haigharimu chochote, tena hulitenga bango na mabango jirani, yakiwemo ya makanisa na ya kampuni za simu, ambayo hayaoneani huruma. Aidha, juu ya jiwe lenye matundu karatasi haishiki vizuri. Afadhali ubao, lango la bati au ukuta uliopigwa lipu, kwa idhini ya mwenyewe.

Kipimo cha herufi si jambo la kukisia. Mafundi wa mabango hufuata kanuni kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka umbali wa mita 3 hivi, na kwa shida tu katika umbali mara kadhaa ya huo. Barabara ikiwa na upana wa mita 12, jina la mwanamuziki linahitaji herufi za sentimita 10. Sasa karatasi ya A2 ina upana wa sentimita 42. Herufi nene za kimo hicho zitakaa sita au saba katika mstari, si zaidi. Jina refu litalazimika kukatwa mistari miwili, na msururu wa lakabu za sifa anazojipa mwanamuziki hautapata mahali. Hesabu hii ndogo ingefanywa kabla ya kuchora, mabishano mengi kati ya fundi na mwanamuziki yasingetokea.

Hesabu nyingine ni ya picha. Picha iliyopigwa kwa ustadi hutumwa kwa fundi kupitia WhatsApp, na huko, isipotumwa kama faili kamili, hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande wake mrefu. Upande mrefu wa karatasi ya A2 ni sentimita 59.4, yaani zaidi kidogo ya inchi 23. Gawanya: utapata nukta chini ya 70 kwa kila inchi, ilhali wachapaji hutaka 300 kwa kitu kitakachotazamwa karibu, na si chini ya 150 kwa bango la ukutani. Ndipo uso unapotoka na ukungu, na lawama zikamwangukia mchapaji asiye na hatia. Rangi nazo hudanganya. Kioo cha simu huchanganya mwanga mwekundu, kijani na samawati. Mashine huchanganya wino, ambao hauwezi kutoa ile kijani inayowaka kama taa wala samawati ya umeme. Mwenye busara huomba karatasi moja ya majaribio, aitazame nje juani, ndipo aruhusu mia mbili zichapwe.

Tuje sasa kwenye maneno, ambako ndiko kiini cha makala haya kiliko.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi. Bango la Goma hubeba daraja hili la lugha machoni pa watu wote. Habari zenye uzito wa kisheria au wa fedha, kama tarehe, mahali na bei, mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Jina la wimbo laweza kuwa la Kilingala, lugha ya muziki wa Kinshasa. Kiswahili, ambacho ndicho msomaji amekitumia asubuhi nzima sokoni Virunga au Birere, hupewa kazi ya kukaribisha tu: "Karibuni wote." Kwa maoni yetu huu ni mgawanyo mbaya, wala si kwa sababu ya uzalendo wa lugha. Mtu ambaye Kifaransa chake ni cha darasa la pili ataelewa kwamba amekaribishwa, asielewe lini wala wapi. Bango limemwita, kisha likamfungia mlango.

Hata hivyo, anayeamua kuandika kwa Kiswahili hukutana na shida ya pili. Katika Kiswahili cha Kongo kitenzi kutosha ni kutendesha kwa kutoka, yaani kutoa: mwanamuziki "anatosha albamu." Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiyaona maneno hayo atajiuliza mwanamuziki huyo anamtosha nani. Kadhalika katika mazungumzo husikika batu na bintu mahali pa watu na vitu. Wapo wanaoshauri kwamba bango liandikwe kwa kile kiitwacho Kiswahili bora, Kiswahili cha shule na kanisa, ili lisomeke pwani pia. Wapo wanaosema bango liseme kama mtaa usemavyo. Sisi twaona kwamba swali linajibiwa na mahali pa bango. Lile la kubandikwa Goma lina wasomaji wa Goma, na "anatosha" litawachekesha kidogo na kuwapa hisia kwamba mwimbaji ni wao. Lile linalosambazwa kwa simu hadi Kigali, Kampala na Dar es Salaam liandike "anatoa", au bora zaidi litumie maneno ambayo pande zote wanayo: "Albamu mpya", kisha jina, kisha tarehe. Kosa ni kuchanganya vyote katika karatasi moja kwa kuogopa kumkosa yeyote.

Saa nayo ni mtego. "Saa 9" kwa anayehesabu kwa Kiswahili ni alasiri. Kwa aliyezoea Kifaransa cha ofisini ni asubuhi. Kumbi zimewahi kuwa tupu na waimbaji wakakaa wakingoja kwa ajili ya tarakimu moja. Njia salama ni "saa tisa alasiri (15h00)." Tena ikumbukwe kwamba Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, albamu itakayofunguliwa mtandaoni saa kumi na mbili jioni ya Kinshasa, Goma itakuwa saa moja usiku.

Kuhusu ufupi, Waswahili tunaye mwalimu wa zamani. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini kwa maneno machache. Mwanamke huvaa jina hilo akatembea nalo, na jirani hulisoma akielewa zaidi ya yaliyoandikwa. Mpango wa bango zuri ni huohuo: pambizo, picha moja, maneno machache yenye fumbo la wastani. Wachoraji wa Kongo wanalijua somo hili kwa njia yao. Chéri Samba, aliyeanza kazi Kinshasa katika miaka ya 1970 kwa kuchora mabango ya biashara, alitia maandishi ndani ya picha zake kwa sababu aliwaona watu wakizitazama picha na kupita tu, akataka wasimame ili wasome.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya usanifu havilitaji. Bango hueleza mtu fulani atakuwa wapi na saa ngapi. Mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na tarehe 13 Februari mwaka huohuo mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo zake za kisiasa, aliuawa kwa risasi mjini humo. Hatusemi kwamba bango lolote lilihusika. Twasema tu kwamba, katika mji wa namna hiyo, kuandika anwani kamili ya ukumbi si uamuzi wa fundi wa kompyuta peke yake. Yafaa mwanamuziki aulizwe. Iwapo atachagua kuandika tarehe na nambari ya simu tu, na mahali papatikane kwa kupiga, basi nambari hiyo ipewe herufi kubwa kuliko mahali pangepewa, na yule atakayepokea awe mtu anayejua kumtambua mpigaji.