Jivu la Shimo la Taka Si la Kumwagia Mchicha: Simu Mbovu na Shamba Lako

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya viwavijeshi na mbolea, tuongee habari za simu. Najua utasema, "Bwana shamba, simu na mchicha wapi na wapi?" Subiri nikueleze nilichokiona.

Hivi karibuni nilimtembelea mama mmoja mwenye bustani nzuri ya mchicha na sukuma wiki. Alikuwa amemwagia jivu kwenye majani kuzuia wadudu, kama nilivyowafundisha kwenye kikundi chao. Nikafurahi. Nikamuuliza jivu amelitoa wapi, akanipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Nikachokoa kwa kijiti. Kulikuwa na ganda la simu lililoyeyuka, waya za chaja, betri nne za tochi, na betri ya simu iliyopasuka kwa moto. Kuku walikuwa wanachakura hapo hapo.

"Vitu vibovu sisi tunachoma tu, viishe," akaniambia.

Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa langu pia. Nilifundisha jivu, sikusema jivu lipi.

Moto haumalizi sumu

Ukichoma majani makavu, yanaisha. Ukichoma simu, haiishi. Ndani yake kuna metali za aina nyingi, na simu na chaja za zamani zilichomelewa kwa madini ya risasi. Metali haiungui ikatoweka. Sehemu inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye jivu. Na ile plastiki ya waya ikiungua hutoa sumu kali zinazoitwa dioksini, ambazo hukaa kwenye udongo miaka mingi na kujikusanya kwenye mafuta ya wanyama, pamoja na kiini cha yai.

Usidhani hizi ni hadithi. Kule Accra, Ghana, kulikuwa na eneo linaitwa Agbogbloshie ambako vijana walichoma waya na vifaa vibovu ili wapate shaba. Mwaka 2019 ilitoka ripoti ya watafiti waliopima mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakichakura pale. Mtu mzima akila yai moja tu, alikuwa amevuka kiwango cha dioksini kinachokubalika kwa siku huko Ulaya kwa zaidi ya mara 200.

Shimo lako si Agbogbloshie, nakubali. Lakini njia ni ile ile: taka, jivu, kuku, yai, mtoto. Na kwa mtoto madini ya risasi hayana kiwango salama. Yanaharibu ubongo unaokua, na hakuna dalili utakayoiona mapema.

Mazao yapi yako hatarini zaidi?

Mboga za majani na mazao ya mizizi. Vumbi lenye sumu hukaa juu ya jani, na mizizi inagusana na udongo moja kwa moja. Mahindi na nyanya hupata kidogo zaidi. Udongo wenye tindikali huachia metali hizi kirahisi, ndiyo maana chokaa na samadi husaidia kupunguza. Lakini ukishachafua udongo, kuusafisha ni kazi ngumu sana. Bora kuzuia.

Fanya hivi

1. Jivu la kumwagia mboga au kuhifadhia maharage litoke kwenye jiko la kuni tu. La shimo la taka, hapana.

2. Betri, simu, chaja na tochi visiingie kwenye shimo la taka, shimo la mboji, chooni wala mtoni.

3. Kama umeshachoma hapo, ziba shimo kwa udongo, zuia kuku, na usipande mboga mahali hapo. Ukikuta betri kwenye mboji, vaa glovu, itoe pamoja na mboji iliyoizunguka. Sehemu hiyo usiipeleke bustanini.

4. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe, usiikandamize, usiichaji tena. Inaweza kulipuka moto. Ziba vituo vyake kwa selotepu, iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na makuti, petroli na watoto.

5. Kabla ya kutupa, tengeneza. Mara nyingi simu "imekufa" kumbe ni betri au tundu la chaji. Fundi anabadilisha, unaendelea. Usiiache juani shambani wala kuchaji kwa chaja mbovu. Ukiitunza miaka miwili zaidi, umeokoa hela ya mfuko wa mbolea.

6. Ukiamua kuiacha, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa kila kitu. Pesa zako ziko humo.

Sasa tuzipeleke wapi?

Hapa ndipo penye ugumu, siwadanganyi. Kijijini hakuna gari la kukusanya taka hizi. Hata duniani, mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo ilikusanywa inavyotakiwa.

Nilichokubaliana na kikundi cha yule mama ni hiki: ndoo moja yenye mfuniko, inakaa ghala la ushirika, mahali pakavu. Kila mwanachama analeta vibovu vyake, na betri zinakaa kwenye kopo lake la mchanga. Ikijaa, tunamtafuta afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya kanda ya usimamizi wa mazingira, watuelekeze kwa wakusanyaji wenye kibali. Tanzania ina kanuni za taka hizi tangu 2021, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza. Ila usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu anayechoma waya porini. Huko ni kuhamisha sumu kwenda kwa jirani.

Yule mama ameng'oa mchicha wa tuta lile, ameuzika, hakupeleka sokoni. Alipoteza hela, na nilimpa pole. Lakini aliniambia neno moja: "Wateja wangu ni watoto wa majirani."

Leo jioni, kachungulie shimo lako. Tukutane shambani.