Hatari na Uwezekano wa Madhara: Istilahi za Udongo Uliochafuliwa

Katika tafsiri za taarifa za mazingira tumeona neno "hatari" likibebeshwa dhana mbili. Ya kwanza ni uwezo wa kitu kudhuru. Ya pili ni uwezekano wa madhara kutokea, na kwa kiasi gani. Wataalamu huzitenganisha, nasi hatuna budi kufanya hivyo.

Tuchukue mfano wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini madini hayo yalibaki udongoni. Risasi ni hatari popote ilipo. Hata hivyo, ili idhuru, sharti mambo matatu yakutane: chanzo, njia na mpokeaji. Chanzo ni udongo wenyewe. Njia ni vumbi, maji, au mkono wa mtoto utokao mchangani kwenda kinywani. Mpokeaji ni mtoto huyo. Kwa upande wa ikolojia, wapokeaji ni mimea, nyungunyungu, na ndege wawalao. Njia ikizibwa, uwezekano wa madhara hupungua, ingawa hatari ingalipo.

Kwa hiyo twapendekeza "hatari" ibaki kwa dhana ya kwanza, na "uwezekano wa madhara" itumike kwa ya pili. Vilevile tuseme "udongo uliochafuliwa", wala si "udongo mchafu". Udongo wenye risasi huweza kuonekana safi kabisa. Tangazo likisema "mchafu", mzazi atamkataza mwanawe matope yasiyodhuru, na kumwacha achezee penye sumu.