Kukuza Shamba la Pamba

Tuseme mkulima wa Nyashimo ana shamba dogo la pamba. Urefu ni mita 40. Upana ni mita 20. Analikuza. Kigingi cha pembe moja anakiacha palepale. Vingine anavisogeza mbele. Sasa urefu ni mita 120. Upana ni mita 60.

Shamba limekuzwa mara ngapi? Gawa kipimo kipya kwa kipimo cha zamani:

120 ÷ 40 = 3
60 ÷ 20 = 3

Majibu ni sawa. Kwa hiyo umbo la shamba halikubadilika.

Lakini angalia mbegu. Zamani zilitosha kilo 2. Je, sasa kilo 6 zitatosha? Hapana. Urefu umekua mara 3, na upana mara 3. Eneo limekua mara 9. Zinatakiwa kilo 18. Akinunua kilo 6, sehemu kubwa ya shamba itakosa mbegu.

Tupime kwanza, ndipo tununue.