Petroli Iliyolala: Itolewe au Iachwe?

Kahama ina magari yanayotembea na magari yanayolala. Kwenye barabara kuu, malori ya Rwanda na Burundi yanapita mchana na usiku. Ingia mitaani, utaikuta IST au Noah imeegeshwa chini ya mwembe, matairi yameisha upepo, kioo kimejaa vumbi. Mara nyingi sababu ni dhahabu. Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, likitoa, gari linanunuliwa. Likikauka, gari linasubiri. Migodi mikubwa nayo ina misimu yake. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje, na ilipofika Septemba Bulyanhulu ikatangaza kupunguza shughuli. Buzwagi, iliyoanza uzalishaji mwaka 2009, iliingia kwenye hatua ya kufungwa mwaka 2021. Watu huhama kufuata kazi, gari likabaki kwa shemeji.

Siku mwenyewe akirudi, anawasha. Starta inazunguka, injini haiwaki. Fundi anatoa hukumu papo hapo: "Bosi, mafuta yamelala, tuyatoe." Huenda ni kweli. Huenda pia ni plagi, au betri isiyo na nguvu ya kutosha, na wewe ukamwaga nusu tenki ya petroli isiyo na kosa lolote.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, nyepesi na nzito. Zile nyepesi ndizo zinazoshika moto haraka injini ikiwa baridi, na ndizo za kwanza kutoroka gari likikaa juani. Zinazobaki hukutana na hewa iliyomo ndani ya tenki na kugeuka polepole kuwa gundi, ambayo hunata kwenye chujio na kwenye matundu membamba ya nozeli. Kisha kuna maji. Unyevu wa masika huingia pamoja na hewa, usiku ukipoa hugeuka matone, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini kabisa, pale pale pampu inaponyonya. Kwa hiyo anayeegesha gari geji ikiwa karibu na sifuri, akidhani anaokoa fedha, anajidanganya: tenki lililojaa lina hewa kidogo, na mafuta yake huchelewa kuharibika.

Kwenye tenki lililofungwa vizuri, petroli huvumilia miezi 3 bila taabu, na mara nyingi hufika 6. Joto hufupisha muda huo. Mimi nasema hivi: chini ya miezi 3, usiguse tenki, tafuta ugonjwa kwingine. Ukipita mwaka, toa, usibishane na fundi. Katikati ya hapo, usiamue kwa kalenda. Chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, uiache itulie dakika chache. Petroli nzuri ni angavu na ina harufu ile kali unayoijua. Iliyoharibika huwa na rangi ya chai ya mkandaa na hunuka kama vanishi. Ukiona mstari umeigawa chupa, cha juu na cha chini, hayo ya chini ni maji. Kama sampuli ni safi na tenki lina mafuta kidogo tu, ongeza petroli mpya mara mbili ya iliyomo, kisha ujaribu kuwasha.

Ikibidi kutoa, tatizo la kwanza ni kunyonya kwa mpira na mdomo. Kiasi kidogo sana cha petroli kikiteleza kwenda mapafuni kinatosha kuleta homa ya mapafu inayoweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, maana akitapika inaweza kupitia njia hiyo hiyo ya mapafu. Maziwa hayasaidii. Apelekwe hospitali. Pampu ya mkono si ghali kiasi cha kuhatarisha mtu. Tena magari mengi ya sasa yana kizuizi kwenye shingo ya tenki, mpira hauingii hata ukilazimisha. Hapo fundi hunyanyua siti ya nyuma, hufungua kifuniko cha pampu, na kunyonya kupitia tundu hilo. Naipendelea njia hii kwa sababu unaliona tenki kwa ndani: kutu, matope, kila kitu. Wapo wanaoiunganisha pampu ya gari moja kwa moja na betri ili ijitoe yenyewe. Inawezekana, lakini pampu hupozwa na petroli inayopita ndani yake. Ikikauka inaungua, na cheche za waya zinakuwa karibu na mvuke.

Mvuke ndio wa kuogopwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Kahama. Ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliyekaa hatua kadhaa kutoka gereji. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Kwa hiyo kazi ifanyike nje penye upepo, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umetolewa, na dumu limewekwa ardhini.

Tenki likishakuwa tupu, watu hujiona wamemaliza hatari. Ni kinyume chake. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tenki lililojaa unazidi kiwango hicho. Ndani ya tenki lililomwagwa, lenye mabaki na hewa tele, mvuke unaweza kuwa katika kiwango hicho kabisa. Ndiyo maana tenki lenye tundu halipelekwi kwa mchomeleaji eti kwa sababu "halina kitu".

Baada ya hapo badilisha chujio, weka lita 10 mpya, rudisha waya wa betri, fungua swichi mara mbili tatu bila kupiga starta ili bomba lijae. Injini ikiwaka huku inakohoa, nozeli zisafishwe.

Petroli iliyotolewa usiimwage mtaroni. Kahama inapata maji ya Ziwa Victoria kwa bomba kutoka Ihelele, lakini visima bado vinatumika, na petroli huzama ardhini mpaka ikayafikia maji yake. Iweke kwenye dumu la chuma lenye kifuniko, mbali na nyumba, mpaka umpate mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Liandike dumu hilo PETROLI kwa herufi kubwa, na usimpe jirani wala usimuuzie kwa bei ya kutupa: akiitia kwenye jiko la mafuta ya taa, jiko hilo linaweza kulipuka mikononi mwake.